Nyuzi Nane na Mistari Mitano

"Je, muziki nao husomewa?"

Swali hilo aliliuliza mkulima mmoja wa majani chai, mkazi wa viunga vya Keroka upande wa Nyamira, siku bintiye alipomletea barua ya kuitwa chuo kikuu kusomea shahada ya muziki. Hakuliuliza kwa kebehi. Aliuliza kama mtu aliyekulia katika jamii ambamo kuimba ni sawa na kutembea: mtoto huanguka, huinuka, huwafuata wakubwa, wala hakuna mzazi alipaye karo ili mwanawe afundishwe kuinua mguu. Yeye mwenyewe alizipenda nyimbo za gitaa za marehemu Christopher Monyoncho, nyingi akizijua kwa moyo, na hakupata kusikia kwamba Monyoncho alizitoa darasani. Aidha, karo ilikuwa itoke katika majani chai, yaani katika malipo ya kila mwezi na ile bonasi ya mwaka ambayo katika vilima vya Nyamira ndiyo hujenga nyumba, hulipa mahari na husomesha wana. Alikuwa na haki ya kujua anakwenda kununua nini.

Binti hakuwa na jibu. Alisema tu kwamba akihitimu angeweza kuajiriwa ualimu. Baba akaridhika kwa kuwa ualimu aliufahamu. Mkewe alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Hata hivyo, swali lenyewe halikujibiwa siku ile. Lilipanda matatu pamoja na binti huyo, likapita Sotik, Bomet na Narok, likafika naye Nairobi na kukaa naye miaka minne.

Kwa hakika, binti alikuwa amekwisha kusoma muziki kabla ya kuitwa kuusoma. Chuo chake cha kwanza kilikuwa kanisa. Wakatoliki waliweka misheni Nyabururu mwaka 1911, nao Wasabato wakafuata Nyanchwa muda mfupi baadaye, vituo vyote viwili vikiwa karibu na mji wa Kisii. Injili ikaingia Gusii pamoja na tenzi zake. Na katika sehemu nyingi za Afrika tenzi hizo zilifundishwa kwa mfumo wa do-re-mi ulioenezwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, katika karne ya 19. Mfumo huo hauhitaji piano wala karatasi ya mistari. Herufi d, r, m, f, s, l, t huandikwa pamoja na maneno, nukta pacha zikitenga pigo na pigo, na mtu mwenye daftari na kalamu aweza kunakili wimbo wa sauti nne na kuubeba kwapani hadi kijiji cha pili. Mama yake binti aliongoza sauti ya pili katika kwaya ya Wasabato. Binti alipotimiza miaka 10 aliweza kulichukua daftari la mama, akachagua wimbo asioujua na kuuimba bila kuusikia kwanza kwa mtu.

Chuo chake cha pili kilikuwa mashindano ya shule. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927, ndilo lililomfunza kusimama mbele ya waamuzi, kuimba nyimbo za jamii asizojua lugha zao, na kusubiri alama huku magoti yakigongana. Alipomaliza kidato cha nne alijihesabu kuwa mwanamuziki.

Chuo kikuu kilimpokea kwa namna nyingine. Darasani aliketi na wenzake waliopiga piano tangu utotoni, wenye vyeti vya mitihani ya muziki iliyotungwa Uingereza. Wao waliisoma mistari mitano kama mtu asomavyo gazeti. Yeye ilimbidi kuhesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha atafsiri kila noti kuwa do au re kabla ya kuisikia kichwani. Alijifunza usiku, katika vyumba vya mazoezi, wenzake walipokuwa wamekwisha kulala. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza alikuwa amewafikia. Lililomshinda halikuwa kusoma noti. Lililomshinda lilikuwa kanuni moja.

Kanuni yenyewe ni maarufu kwa kila asomaye nadharia ya muziki wa Ulaya. Sauti mbili zilizoachana kwa hatua tano, kama do na so, hazipaswi kuhama pamoja kuelekea upande mmoja hadi kwenye sauti nyingine mbili zilizoachana vivyo hivyo, kama re na la. Huo huitwa mwendo sambamba, na mwanafunzi anayeiga utunzi wa kwaya wa Johann Sebastian Bach huufanya kwa hasara ya alama zake. Sababu inayotolewa ni njema: sauti zinazotembea hivyo hupoteza uhuru wao, zikasikika kama sauti moja iliyonenepa. Lakini akina mama wa Keroka wanapoongeza sauti ya pili kwenye wimbo wa harusi, sauti hiyo huifuata ya kwanza kama kivuli. Binti alikuwa amelisikia hilo tangu mgongoni mwa mama yake. Kila alipotunga, mkono wake uliandika kivuli, na kila karatasi yake iliporudi ilikuwa na vistari vyekundu viwiliviwili, sambamba kama reli.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kuelezwa uchungu wa wino mwekundu wa aina hiyo. Tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, fasihi yetu imebishana bila kuchoka juu ya vina na mizani: je, hizo ndizo sheria za ushairi, au ni sheria za ushairi wa namna moja? Mabishano hayo yametufunza walau jambo moja. Arudhi ni maelezo ya yale ambayo watunzi fulani waliyafanya vizuri, katika lugha fulani, kwa muda mrefu. Kosa huingia pale bahari moja inapodhaniwa kuwa ndiyo maji yote. Binti hakuwa ameyasoma mabishano hayo. Alichojua ni kwamba sikio lake lilikuwa likipata sifuri.

Katika mwaka wa nne kila mwanafunzi wa utunzi alitakiwa kuwasilisha utungo wake mwenyewe pamoja na maelezo yake. Binti aliamua kutungia sauti nne na obokano. Wengine walimwonya. Obokano ni kinubi kikubwa cha Wagusii: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayochomoza na kuunganishwa kwa mti uliokingama, na nyuzi nane zinazoshuka kutoka kwenye mti huo hadi kwenye ngozi. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe; siku hizi nailoni hutumika. Sauti yake ni nzito kuliko ya nyatiti ya Wajaluo, ambayo nayo ina nyuzi nane, na ina mvumo wa kukwaruza. Ataiandikaje katika mistari mitano? Nani ataipiga? Na nani atakayeitahini?

Alijitia moyo kwa kukumbuka kwamba asingekuwa wa kwanza kupeleka ala ya kijiji kwenye meza ya wasomi. Washington Omondi aliitafiti nyatiti kwa shahada ya uzamifu aliyoipata katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980. Omondi huyohuyo alikuwa mmoja wa watu watano, pamoja na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume na Peter Kibukosya, waliotayarisha Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963, na lahani ya wimbo huo ilitokana na bembelezi ya Wapokomo. Ikiwa bembelezi ya mtoto wa Tana iliweza kusimamisha taifa zima wima, obokano nayo ingestahili dakika chache ukumbini.

Akaandika maneno katika Ekegusii, kuhusu wachumaji wanaoingia shambani alfajiri ukungu ukiwa haujapanda. Akayatungia lahani kwenye piano. Akaridhika nayo. Likizo ilipofika, akashuka Keroka na karatasi zake.

Keroka ni mji ambao mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira umeupitia. Kaunti hizo zilianza kazi mwaka 2013, lakini undugu haukusubiri wapimaji wa ardhi: nyumbani kwa binti ni Nyamira, ilhali ndugu mdogo wa babu yake anaishi mwendo wa nusu saa kwa miguu, upande wa Kisii. Mzee huyo alikuwa mpigaji obokano. Alipiga katika harusi na katika karamu za pombe, hadi vidole vilipoanza kutetemeka na waalikaji wakaanza kukodi vipaza sauti. Obokano yake ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya magunia ya mahindi. Mama yake binti hakupenda ziara hizo. Hakukataza; alinyamaza tu, na katika nyumba ile kunyamaza kwake kulisikika kuliko makemeo. Kwake yeye, ala ile ilikuwa na harufu ya kilabu, na binti aliyelelewa kwaya hakuwa na la kutafuta huko.

Siku ya kwanza binti alitoa simu yenye programu ya kupima sauti, akamwomba mzee agonge uzi mmoja mmoja. Piano hugawa oktava moja katika hatua 12 zilizo sawa. Binti alitarajia kila uzi uangukie hatua mojawapo. Kadhaa ziliangukia karibu. Uzi wa tatu ulikataa. Ulikaa katikati ya vidole viwili vya piano, si huku wala kule. Binti akamwambia mzee kwa upole kwamba uzi huo umelegea. Mzee akaimba mwanzo wa wimbo, akaugusa uzi, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Haujalegea," alisema. "Hapo ndipo ninapoutaka."

Siku ya pili binti alileta kitambaa, akakibana chini ya nyuzi ili kuuzuia ule mvumo usiharibu rekodi. Mzee akapiga mara moja, akaacha.

"Umeiziba mdomo, mjukuu wangu."

Kitambaa kikatolewa.

Siku ya tatu mzee alitaka kuusikia utungo wenyewe. Binti akasimama, akaimba lahani yake kwa madaha ya mtu aliyefunzwa kupumua. Alipofika mstari wa pili mzee akacheka hadi akajifuta macho. Binti akauliza amekosa nini.

"Hukuimba ulichoandika," mzee alisema. "Neno lako linapanda; wewe umelishusha. Ulilolisema sasa ni neno jingine, na mbele ya watu usilirudie."

"Lakini, Sokoro, lahani ndivyo ilivyo."

"Lahani umeitoa wapi? Sema kwanza. Lisemee sikio langu kama unavyomwambia mama yako. Ukishasema vizuri, wimbo utakuwa umekwisha kutungwa. Kazi yako ni kutouharibu."

Hapa hapana budi kufafanua. Kiswahili sanifu hakina toni. Kina mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Anayetungia maneno ya Kiswahili lahani hutazama zaidi mkazo huo usianguke pasipo pake. Ekegusii ni lugha ya toni. Silabi ikipandishwa au kushushwa, maana yaweza kugeuka. Binti alikuwa ameizungumza lugha hiyo tangu kuzaliwa bila kukosea, kisha akaisahau kanuni yake mara tu alipoketi mbele ya piano.

Usiku ule aliyasema maneno yake polepole, akichora juu ya kila silabi mstari unaopanda au kushuka. Lahani mpya ikajitokeza, na haikuwa na haja ya piano. Akaongeza sauti ya pili. Ndipo alipoiona, kwenye karatasi, ile aibu yake ya miaka mitatu: sauti ya pili ilikuwa ikiifuata ya kwanza kama kivuli. Safari hii hakuifuta. Aliitazama, akaelewa. Ikiwa sauti zote nne zinaimba neno moja, na neno hilo linapanda, basi zote nne hazina budi kupanda. Ukiitenganisha sauti moja kwa kuishusha, umeipa uhuru, naam, lakini umeifanya iseme neno lingine. Kivuli hakikuwa uvivu wa akina mama wa Keroka. Kilikuwa sarufi. Baadaye, maktabani, alikuta kwamba wataalamu wa muziki wa Afrika, akiwemo J. H. Kwabena Nketia wa Ghana, walikuwa wamekwisha kuandika juu ya uhusiano wa toni za lugha na mwendo wa lahani. Lakini aliyekuta hilo vitabuni alikuwa tayari amelipata kwa mzee asiyesoma kitabu hata kimoja cha muziki.

Likabaki jambo la mwisho, nalo ndilo linalowahusu zaidi wapenzi wa Kiswahili. Mzee aliomba asomewe ile karatasi ya maelezo, maana ilimhusu. Binti akaifungua na kukwama mstari wa kwanza. Aliiandika kwa Kiingereza, na kila istilahi aliyoijua aliijua kwa lugha hiyo. Miaka minne ya elimu ilikuwa imempa maneno ya kumweleza mzee huyo kwa watu wengine, lakini haikumpa hata moja la kumwelezea mzee mwenyewe.

Siku hiyo mama yake alikuwa amekuja naye, eti kuleta sukari. Aliketi mlangoni, mgongo ukiielekea obokano. Binti akajaribu kueleza namna sauti zinavyotulia mwishoni mwa sehemu ya wimbo, jambo ambalo wasomi wa muziki huliita kadensi.

"Hicho ni kituo," mama alisema bila kugeuka. "Kila siku nakifundisha. Shairi lisilo na kituo halijakwisha."

Kisha akageuka. Sehemu fupi ya wimbo inayosimama yenyewe ikawa mshororo. Nusu yake ya kwanza ikawa ukwapi na ya pili utao. Kirudiwacho na waitikiaji ni kibwagizo, na hilo hata mzee alilijua. Mwendo, mahadhi, mizani: maneno yalikuwapo yote, yamekaa katika vitabu vya ushairi yakisubiri kuazimwa, au tuseme kurudishwa, kwa kuwa shairi la Kiswahili lilikuwa la kuimbwa kabla ya kuwa la kutahiniwa. Mama akatafuta, binti akaandika, mzee akakubali au akakataa. Kwa ule mvumo wa nyuzi na kwa uzi wa tatu usiokaa popote hawakupata neno lililowaridhisha. Walipoondoka kiza kilikuwa kimeingia, na mama hakuwa ameisema tena ile habari ya pombe.

Utungo ulitahiniwa. Mmoja wa watahini aliuliza mbona mwanafunzi wa mwaka wa nne bado anaandika mwendo sambamba. Binti akalisema neno kwa toni zake, kisha akalisema tena sauti moja ikiwa imegeuzwa, akaeleza tofauti ya maana. Watahini waliandika kitu kwenye karatasi zao. Alama aliyopata ilikuwa nzuri, ingawa si ya juu kabisa. Ilisemekana kwamba alama alizoweka kuonyesha uzi wa tatu hazikueleweka. Huenda ni kweli. Bado hakuna aliyekubaliana na mwenzake namna ya kuuandika.

Kazi hiyo haitafanywa na idara za muziki peke yake. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Maseno vimefunza muziki kwa miaka mingi, na wanafunzi wao hurudi vijijini na vinasa sauti. Wanachokosa ni lugha ya kuzungumzia wanachonasa, inayoweza kueleweka na mpigaji aliyeketi mbele yao. Sisi tulio na istilahi za ushairi tumezifungia katika mitihani kana kwamba ni za karatasi tu. Kama Kiswahili ni lugha ya elimu, na kiwe pia lugha ambayo kwayo mtu wa Keroka husomewa yaliyoandikwa juu yake, apate kuyakosoa.

Na kuyakosoa, anaweza. Mzee hakufika Nairobi. Miguu haikumruhusu, na obokano ukumbini aliipiga binti mwenyewe, kwa kadiri likizo mbili zilivyomfunza. Alirudi Keroka na rekodi, wakaisikiliza wote uani kwa mzee: baba, mama na majirani wawili. Mzee aliinamisha kichwa mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha, watu walisubiri.

"Maneno yamesemwa," alisema hatimaye. "Lakini uzi wa tatu ulikuwa juu kidogo."

Baba yake binti, ambaye hakuwa amesikia kosa lolote, alimgeukia.

"Umejuaje, mzee?"

"Nilisomea," mzee akajibu. "Miaka saba, kwa mjomba wangu. Nikimchungia ng'ombe, ndiyo karo yenyewe."